Aibu ya nani, hatia ya nani? Somo kutoka Pwani Kusini

Hebu tuanze na jambo dogo la lugha. Ukimwambia mtu wa Ukunda au Msambweni, "Wewe huna hatia," umemsafisha. Ukimwambia, "Wewe huna haya," umemtukana, na huenda mkakosana. Sentensi hizi mbili zina muundo mmoja. Kinachozitenganisha ni kwamba hatia ni mzigo ambao kila mtu angependa kuutua, ilhali haya ni mali ambayo mtu akiipoteza, wenzake humwona amepungukiwa na utu wenyewe.

Tofauti hii ndogo inatuingiza katika mjadala mkubwa wa elimu ya jamii na saikolojia. Mwaka 1946 mwanaanthropolojia wa Marekani, Ruth Benedict, alichapisha kitabu The Chrysanthemum and the Sword kuhusu Wajapani. Kilitokana na utafiti alioufanya wakati wa vita, bila yeye kukanyaga Japani. Humo alitofautisha jamii zinazoongozwa na aibu na zile zinazoongozwa na hatia. Kwa mujibu wake, aibu huhitaji mtazamaji, au angalau mtazamaji wa kudhaniwa. Hatia hukaa ndani ya mtu na kumsumbua hata akiwa peke yake usiku wa manane. Mwaka 1971 mwanasaikolojia Helen Block Lewis aliipa tofauti hiyo sura nyingine: aibu huhukumu nafsi nzima, "mimi ni mtu mbaya", hatia huhukumu tendo, "nimefanya jambo baya."

Baadhi ya waliofuata nyayo za Benedict walipiga hatua moja zaidi. Wakaona kwamba hatia ni dalili ya maadili yaliyokomaa, na kwamba jamii kama zetu, za baraza, ukoo na majirani, zimekwama kwenye aibu. Je, historia ya Pwani Kusini, kuanzia Likoni hadi Vanga, inaafiki hayo? Makala haya yanadai kwamba haiafiki. Huku, kwa muda mrefu, hatia ndiyo iliyokuwa jambo la hadhara, na haya ndiyo iliyokaa ndani. Isitoshe, swali linalotufaa leo si lipi ni la nje na lipi ni la ndani. Swali ni nani anayebebeshwa lipi.

Maneno na asili yake

Kiswahili kina safu ndefu ya maneno ya uwanja huu. Soni ni neno la Kibantu, na jamaa zake wametapakaa: Wakikuyu wana thoni, Wakamba nthoni, Waganda ensonyi. Kwa Wakikuyu mkwe huitwa muthoni, yaani mtu ambaye mbele yake unajistahi. Haya limetoka Kiarabu, na wanazuoni wa lugha hiyo hulihusisha na hayati, yaani uhai. Aibu, kwa asili yake ya Kiarabu, ni dosari, hata ya bidhaa sokoni. Fedheha ni dosari iliyokwisha kufichuliwa. Halafu kuna kitenzi umbuka. Kuumba ni kutia umbo. Kuumbua ni kuliharibu umbo hilo. Aliyeumbuka amepoteza sura yake mbele ya watu.

Ukiyapanga maneno haya utaona yana zamu. Haya hutangulia tendo na kulizuia. Aibu hulifuata. Fedheha huja habari ikishaenea. Kwa hivyo si sahihi kuyatafsiri yote kwa neno moja la kigeni kisha kudai kwamba jambo lenyewe ni la macho ya watu tu. Fedheha, ndiyo. Haya, hapana.

Sarufi nayo ina ushahidi wake. Tunasema kuona haya, kuona aibu, kuona soni, kama tunavyosema kuona njaa na kuona baridi. Kuona kwa namna hii ni kuhisi, na anayehisi ni mwenyewe. Hakuna anayeweza kukuonea njaa yako. Hatia haifuati mkondo huo. Mtu hutiwa hatiani, au kama tunavyosema Kenya, hupatikana na hatia. Kitenzi cha kwanza kiko katika kauli ya kutendwa, cha pili katika kauli ya kutendeka: kuna watu waliokaa, wakasikiliza, wakaamua. "Kuhisi hatia" tunakokusikia siku hizi redioni na kwa washauri nasaha ni usemi mpya. Mzee wa Msambweni akitaka kusema hayo, aghalabu atakwambia anajuta, au nafsi inamsuta. Kitenzi hicho cha mwisho tutakirudia.

Kosa lililokuwa deni

Tuingie sasa katika historia. Kabla ya mahakama za serikali, hatia miongoni mwa Wamijikenda ilithibitishwaje ushahidi ulipokosekana? Njia mojawapo ilikuwa kiapo. Charles New, mmishonari wa Kimethodisti aliyefanya kazi Ribe, kaskazini mwa Mombasa, alieleza viapo hivi katika kitabu chake cha mwaka 1873, kikiwemo cha shoka lililochomwa motoni. Shoka lilimgusa mtuhumiwa. Akiungua, ndiye, asipoungua, ametakasika. Viapo vya jinsi hiyo havikuwa vya Ribe peke yake, kwani huku kusini Wadigo na Waduruma walivijua pia. Kamusi ya Kiswahili-Kiingereza ya Frederick Johnson, iliyotoka mwaka 1939, ililipa neno kiapo maana zote mbili: maneno ya kuapa, na jaribio analopewa mtuhumiwa. Ndiyo maana mpaka leo tunasema kula kiapo. Baadhi ya viapo vililiwa au kunywewa kweli.

Zingatia, msomaji, kilichokuwa kikitendeka. Hatia haikusubiri mtu akiri moyoni. Ilitolewa hadharani, mwilini mwake, wazee wakitazama. Na ikishajulikana, haikubaki yake peke yake. Kosa lilikuwa deni, na deni lilikuwa la ukoo. Damu ikimwagika, jamaa wa muuaji walichanga fidia. Kwa Wadigo, ambao urithi na nasaba zao zilifuata upande wa mama, mzigo huo uliwaangukia hasa wajomba na wapwa. Wakati wa njaa za karne ya 19 mjomba aliweza hata kumweka mpwa wake rehani ili familia ipate chakula. Katika hali hiyo mtu angeweza kuilipia hatia ambayo hakuitenda, na hakuna aliyeliona hilo kuwa ajabu.

Na haya je? Chukua mfano wa Kaya Kinondo, hapo Diani, mojawapo ya misitu mitakatifu ya makaya iliyoingizwa na UNESCO katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2008. Mgeni huingia akiwa amejifunga kitambaa cheusi. Haruhusiwi kuondoka na chochote, hata kijiti. Ndani ya msitu hakuna askari nyuma ya kila mti. Anayeuheshimu mwiko huo akiwa peke yake hazuiwi na macho ya jirani. Anazuiwa na staha aliyoingia nayo. Ukiitafuta ile sauti ya ndani ambayo Benedict aliihusisha na hatia, hapa utaikuta ikiitwa haya.

Baraza lililohamia moyoni

Kufikia miongo ya mwanzo ya karne ya 20, Wadigo wengi walikuwa wamesilimu. Mwanahistoria David Sperling, aliyeitafiti safari hiyo kwa tasnifu yake ya mwaka 1988 katika Chuo Kikuu cha London, ameonyesha jinsi ilivyochukua muda mrefu, kupitia biashara, ujirani na miji ya Waswahili, na walimu waliotokana na Wamijikenda wenyewe. Uislamu ulileta msamiati mpya wa kosa: dhambi, nia, toba. Tendo sasa lilipimwa pia kwa nia ya mtendaji, na toba ilikuwa kati ya mja na Mola wake, bila ya wazee kukaa. Hata hivyo haya haikufutwa. Hadithi mashuhuri huihesabu kuwa tawi la imani.

Hapa ndipo kitenzi suta kinapotufaa. Kusuta ni desturi inayojulikana pwani nzima, hasa miongoni mwa wanawake. Mtu akisikia amesengenywa, huchukua mashahidi, huenda hadi kwa msengenyaji, humuuliza mbele ya watu: "Ulisema, hukusema?" Mashahidi huletwa ili asipate pa kukimbilia. Ni tendo la uani, la kelele na la aibu. Lakini mtu yuyo huyo wa pwani akiwa peke yake, akikumbuka alivyomtendea mama yake, husema: "Nafsi yangu inanisuta." Mashahidi wameingia ndani. Msutaji na msutwa wamekuwa mtu mmoja.

Neno lawama lina ukoo wa namna hiyo. Kwetu lawama hutoka kwa watu: "Usinitie lawamani." Katika Kiarabu, mzizi uo huo umezaa jina la nafsi inayojilaumu, inayotajwa katika Sura ya 75 ya Kurani. Wafasiri na masufi waliiona kuwa daraja ya juu kuliko nafsi inayomwamuru mtu maovu. Kwa hivyo lugha mbili zilizokutana kwenye ufuo huu zilifika mahali pamoja kwa njia tofauti: majuto ya ndani yalipewa jina la kitendo cha hadharani. Mwanafalsafa Mwingereza Bernard Williams, katika kitabu chake cha mwaka 1993, Shame and Necessity, alitoa hoja inayokaribiana na hiyo kuhusu Wayunani wa kale. Mtazamaji anayetutia aibu, alisema, si lazima awe mtu halisi aliyesimama mlangoni; anaweza kuwa mtu tunayemheshimu ambaye tumembeba ndani. Mswahili alikuwa amekwisha kulisema hilo kwa kitenzi kimoja.

Mpwa au mwana?

Aibu na hatia, hata hivyo, hazikwenda njia moja kila siku. Mgogoro wa urithi Udigoni ni ushahidi mzuri. Kwa mila ya zamani, mtu akifa mali yake, pamoja na minazi aliyoipanda, ilielekea kwa mpwa, mtoto wa dada yake. Kwa sharia ya Kiislamu, wana wa marehemu, wa kiume na wa kike, wana mafungu yao. Mtoto wa dada yumo miongoni mwa jamaa wa mbali ambao hawarithi maadamu wana wapo.

Sasa jiweke mahali pa baba wa Kidigo wa miaka ya 1920, Mwislamu, mwenye shamba la minazi karibu na Tiwi au Gasi. Akiwaachia wanawe, atawatazamaje wapwa ambao mjomba wao mwenyewe alimrithisha yeye wakati wake? Watu watasema amekula cha ukoo na kukatalia nacho. Hiyo ni aibu. Akiwaachia wapwa, atakuwa amewanyima wanawe haki waliyopewa na Mola. Hiyo ni dhambi, na hatia yake ataikuta Akhera. Kila njia ina lawama yake. Wala wasidhani watu kwamba aibu ilikuwa ya nje tu na dhambi ya ndani tu. Aliyewanyima wapwa alisutwa na nafsi usiku, na aliyewanyima wana alisemwa na walimu barazani.

Kesi za namna hii zilifika kwa maafisa wa kikoloni, ambao walikuta wazee wakiamua kwa mila na kadhi akiamua kwa sharia. Watu hawakukaa tu kusubiri waamuliwe. Sharia ina hiba, yaani kipawa anachokitoa mtu angali hai. Baba angeweza kuwapa wanawe minazi mapema, kabla ya ukoo kuketi matanga. Sharia pia inaruhusu wasia wa hadi theluthi moja ya mali kwa asiye mrithi, na mpwa aliyezuiwa na wana anaingia hapo barabara. Vyombo hivi viwili vilimwezesha mtu kupunguza aibu bila kujitwika dhambi, au kukwepa dhambi bila kuaibika sana.

Leo sheria ya nchi imetulia zaidi. Sheria ya Urithi, iliyopitishwa mwaka 1972 na kuanza kutumika 1981, ilirekebishwa mwaka 1990 ili Waislamu warithiane kwa sharia yao. Katiba ya 2010, kifungu cha 170, inaitambua mahakama ya kadhi katika mambo ya hadhi ya mtu, ndoa, talaka na urithi, pale wahusika wote ni Waislamu na wameikubali mamlaka yake.

Hatia ya mtu mmoja

Utawala wa Mwingereza ulileta badiliko jingine. Sheria ya jinai, kwanza ile iliyoazimwa kutoka India na kisha Sheria ya Adhabu ya mwaka 1930, ilimtoa mkosaji katika ukoo wake na kumsimamisha kizimbani peke yake. Mjomba hakuweza tena kufungwa kwa kosa la mpwa. Mahakama iliuliza mambo mawili: ulitenda, na ulikusudia? Hivyo hatia, iliyokuwa deni la wengi, ikawa sifa ya mtu mmoja na nia yake.

Badiliko hilo lilikuwa na faida kubwa, lakini halikuifuta hesabu ya zamani. Hesabu ile ilihamia nyumbani. Mahakamani hatia ni ya mtu. Mtaani aibu imebaki ya familia. Na mambo haya mawili yanapogongana, mara nyingi anayeumia ni asiyekuwa na sauti.

Mfano ulio mchungu zaidi ni unajisi wa watoto. Mwaka 2006 UNICEF na Serikali ya Kenya zilitoa ripoti kuhusu utalii wa ngono pwani. Ilikadiria kwamba wasichana kati ya 10,000 na 15,000 wa Malindi, Mombasa, Kilifi na Diani walikuwa wakiingizwa katika biashara ya ngono kwa vipindi. Ilionyesha pia kwamba wanyonyaji hawakuwa watalii pekee. Wakenya walikuwemo kwa wingi. Mwaka huohuo Bunge lilipitisha Sheria ya Makosa ya Kingono, inayotoa kifungo cha maisha kwa anayemnajisi mtoto wa miaka 11 au chini yake, na kisichopungua miaka 20 ikiwa mtoto ana miaka 12 hadi 15. Kifungu cha 40 kinasema uamuzi wa kusimamisha uchunguzi au mashtaka si wa familia. Leo mamlaka hayo ni ya Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma.

Pamoja na hayo, bado tunasikia: "Tumemalizana nyumbani." Wazee wamekaa, mbuzi au pesa zimetolewa, na mtoto amepelekwa kwa shangazi yake ili maneno yapoe. Ukiitazama kwa jicho la historia, hii ni ile fidia ya ukoo, imevaa nguo mpya. Kosa limegeuzwa kuwa deni, deni limelipwa, na waliolipwa ni wakubwa. Aibu imebebeshwa mtoto: ndiye anayeitwa "aliyeharibiwa," ndiye anayehama shule. Mwenye hatia anapita njiani akiamkiwa.

Wanaoitetea njia hii hutaja sitara. Ati Mungu ni Msitiri, nasi tusitiriane. Ni hoja nzito, kwa kuwa sitara ni mojawapo ya tunu njema za pwani. Anayefichua makosa ya wenziwe kwa raha yake hasifiwi na yeyote. Lakini wanafikihi wenyewe wanatenganisha haki ya Mungu na haki ya mja. Dhambi iliyo kati ya mtu na Mola wake inasitiriwa. Dhuluma aliyofanyiwa mtu mwingine haifutwi kwa toba peke yake hadi haki ya aliyedhulumiwa irudishwe. Kumsitiri mnajisi kwa hivyo hakumo katika sitara. Anayestahili kusitiriwa ni mtoto: jina lake, uso wake, hadithi yake. Mahakama zetu nazo hulijua jambo hilo zinapomsikiliza shahidi mdogo faraghani. Wahenga nao waliposema mficha uchi hazai, walijua kwamba kuna kuficha kunakozuia tiba.

Lugha inaweza kusaidia au kudhuru hapa. Tukisema "msichana ameaibishwa" au "ameiletea familia aibu," tumekwisha kuamua mzigo ni wa nani kabla ya hakimu kufungua faili. Tukisema "mtu fulani amemdhulumu mtoto," sentensi ina mtenda, na mtenda ndiye anayedaiwa. Gazeti, mwalimu, chifu na imamu wote wana uchaguzi huo kila wanapofungua kinywa.

Basi tusiziache haya na aibu kwa kudhani ni mabaki ya jamii zisizojua dhamiri. Haya iliwafunza watu wa Pwani Kusini kujizuia pasipo askari, na kitenzi suta kinatuonyesha baraza likihamia moyoni. Tunachohitaji ni kuirudisha aibu mahali inapostahili, kwa mwenye hatia. Na kama yeye nafsi yake haimsuti, bado iko desturi ya zamani ya kuchukua mashahidi na kwenda kumuuliza mbele ya watu. Siku hizi mahali pa kumuulizia ni mahakamani.